Mama Shuka na Povu Alilolifukuza

Wanaosema hasira ni hasara hawajawahi kuanika mashuka ya hospitali asubuhi wakayakuta mchana yana madoa ya povu lililotoka kwenye majitaka ya mji mzima. Mama Shuka alikuwa na haki ya kukasirika. Nalisema hili mapema, kwa sababu mbele kidogo kuna mahali ambapo hata mimi nitashindwa kumtetea.

Alikuwa dobi. Alianza na karai moja na mche wa sabuni kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, akiwa na mtoto mgongoni, na mtoto mwenyewe hakuwa wake. Alikuwa mdogo wake. Miaka ilivyokwenda, karai likawa chumba kirefu chenye sakafu ya saruji, mashine mbili kubwa zinazotetemeka kama zina homa, matangi ya kusuuzia, na nyuma ya nyumba uwanja mzima wa kamba. Hospitali ilimletea mashuka, nyumba za wageni zikamletea mashuka, na jina lake la kuzaliwa likabaki kazi ya kitambulisho tu. Hata marehemu mumewe alimwita Mama Shuka. Alikuwa mfupi, vidole vyake vimekunjamana kwa maji kama vya mtu aliyesahauliwa kwenye beseni, na mdomo wake haukuwa na breki. Ukipitisha baiskeli yako chini ya kamba zake, utatajiwa ukoo wako wote mpaka kwa babu, na babu mwenyewe hatapona.

Kazi yake ilikuwa na kanuni moja aliyorithi kwa mama yake. Suuza mpaka maji yaache kutoa povu. Povu likiisha, sabuni imeisha, na shuka limetakata. Wanawake wawili waliofanya kazi kwake waliimbiwa wimbo huo kila siku mpaka wakawa wanaumalizia wao. Na sabuni yenyewe aliichagua kwa kipimo kilekile. Sabuni isiyojaza povu beseni zima aliiita maji ya kunawia, akaisukuma kando. Aliyoipenda aliimimina bila huruma, kikombe juu ya kikombe, mashine ikatoa povu mpaka mlangoni, na yeye akatabasamu.

Mama yao alipofariki hakuacha shamba wala nyumba. Alimwacha Kitinda, kitindamimba wake, akiwa hajaota meno yote, na maneno machache, "Huyu nakuachia wewe." Mama Shuka aliyabeba maneno hayo kama alivyombeba Kitinda, na ndiyo sababu alimvumilia alipokua akawa mtu wa kujaribu kila kitu na kushindwa kila kitu. Kitinda aliuza viatu, vikamchakaa mwenyewe miguuni. Aliendesha pikipiki, akaigonga kwenye ukuta wa kanisa. Alifuga kuku, kideri kikawamaliza wote kwa juma moja. Kila alipoanguka alirudi kwa dada yake, akakaa kwenye kigoda karibu na matangi, akatukanwa, akalishwa, akaondoka na wazo jipya.

Wazo la mwisho lilikuwa samaki. Nalo, kwa mara ya kwanza, lilishika. Alipata mahali bondeni, karibu na kijito, akachimba mabwawa matatu kwa jembe lake mwenyewe, akafunga bomba la kuchotea maji ya kijito. Hakufuga samaki wa kuuzia wapishi. Alikuza samaki wazazi, majike makubwa na madume aliyoyachagua kwa miaka kadhaa, akauza vifaranga vyao kwa wafugaji wengine. Mfugaji wa namna hiyo akipoteza samaki wakubwa hajapoteza mavuno, amepoteza mama wa mavuno. Mama Shuka alilijua hilo. Siku za mapumziko alishuka bondeni na khanga yake mabegani, akasimama ukingoni akiwatazama wale samaki wazito wakigeuka chini ya maji, akasema, "Mama angeona." Halafu, ili mdogo wake asivimbe kichwa, aliongeza, "Angekuuliza lakini hayo mashati unafua na nini."

Sasa, katikati ya nyumba ya dobi na mabwawa ya samaki, kulikuwa na mabwawa mengine yasiyofugwa kitu. Hayo yalikuwa ya mji. Kila mfereji wa jikoni, kila choo, kila tangi la kufulia lilimwaga huko, maji yakapita bwawa moja hadi jingine yakisafishwa, mwisho yakatolewa kwenye kijito. Juu ya bwawa la pili zilielea mashine zenye mapanga, zikiyachapa maji usiku na mchana kwa mngurumo ambao watu wa mtaa walishauzoea hata wakaacha kuusikia. Na palipochapwa, povu lilipanda. Siku za upepo lilipanda likawa kama kichuguu, likavuka uzio, likaruka vipande vipande na kutua linapotaka. Lilipenda kutua kwenye mashuka.

Siku iliyoleta balaa, lilitua kwenye mashuka ya chumba cha upasuaji. Mama Shuka aliyatazama yakiwa na madoa ya rangi ya chai, akayaanua bila kusema neno, na wale wanawake wawili wakajua hali ni mbaya kwa sababu hakusema neno. Alilikunja moja, akalitia kwapani, akazunguka nyumba hadi nyumba. Mtaa ulikuwa tayari. Kuna aliyetuliwa na povu kwenye sufuria, kuna aliyelipata kitandani kwa mtoto mchanga. Walikwenda kundi zima mpaka ofisi ya mabwawa, na Mama Shuka akalitandaza shuka lile juu ya meza ya meneja, juu ya simu yake na kikombe chake cha chai.

"Lala hapo," alimwambia.

Meneja alikuwa mtu laini wa sauti, mwenye kalamu mfukoni na tabasamu ambalo halikuchelewa kufika. "Mama yangu, tuongee taratibu."

"Taratibu nimeishi nayo miaka. Nataka povu liondoke."

Pembeni alisimama fundi wa mabwawa, kijana wa makamo mwenye viatu vya mpira hadi magotini. Alijikohoza. "Mkubwa, niseme kidogo. Povu lile linatokana na hewa, na hewa ndiyo..."

"Fundi," meneja alimkatiza bila kumtazama, "mama anataka povu liondoke. Wewe unataka libaki?"

"Sijasema hivyo. Nasema lile bomba la kunyunyizia, likitengenezwa..."

Na hapa ndipo ninaposhindwa kumtetea. Mama Shuka alimgeukia fundi akamwambia, "Wewe nyamaza, wenye ofisi wanaongea." Watu wakacheka. Fundi akanyamaza.

Lakini alimfuata nje, getini, watu walipokuwa wakitawanyika. Alikuwa na adabu zake. "Mama, shikamoo. Nisikilize kidogo. Povu likiondoka ghafla, usifurahi haraka. Sabuni inaweza kuwepo na povu lisiwepo."

"Marahaba. Mwanangu, nafua tangu hujazaliwa," alimjibu. "Maji yakiacha kutoa povu, sabuni imekwisha. Nifundishe mengine, usinifundishe sabuni."

Baada ya siku chache povu likatoweka. Halikupungua, lilitoweka, kana kwamba mtu amelifuta kwa kitambaa. Mashuka yalikauka meupe yakapepea kambani, watu wakampita Mama Shuka barabarani wakimpigia makofi, na duka la jirani likamfungulia soda. Usiku alilala usingizi wa pono. Kulikuwa na ukimya mzuri uliotanda mtaani, na hakujiuliza umetoka wapi. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini nani hukumbuka wahenga akiwa na soda mkononi?

Kisha ikaja harufu, ya mayai viza, ikipanda kutoka mabwawani jioni jua linapozama. Mama Shuka alisema ni joto. Kitinda alipopita kumsalimu alikaa kwenye kigoda chake akiwa mzito wa maneno, akazungusha bilauri ya maji mkononi. Dada yake alikuwa anamsimulia kwa mara ya kumi jinsi alivyolitandaza shuka mezani.

"Mbona umenuna? Samaki wazima?"

"Wazima, Dada."

"Basi cheka. Nimeshinda."

Kitinda akacheka kwa heshima. Hakusema kwamba kule bondeni, mahali bomba lake linapomwaga maji bwawani, palikuwa pameanza kuzunguka vipete vya povu ambavyo zamani havikuwepo. Hakusema pia kuhusu wale wadudu wenye miguu mirefu wanaotembea juu ya maji bila kuzama. Alikuwa amewazoea kila asubuhi wakiteleza kijitoni, na sasa alikuwa hawaoni. Aliona dada yake ana furaha, na furaha ya dada yake ilikuwa kitu cha nadra. Akamaliza maji akaondoka.

Aliyekuja kumwita Mama Shuka ni wifi yake, mke wa Kitinda, alfajiri, bila viatu. Hakusema hodi. "Wifi, twende. Samaki wamekuja juu."

Walipofika, Kitinda alikuwa ndani ya maji hadi kiunoni. Samaki wakubwa wote walikuwa wameinuka juu, midomo wazi, wakigugumia hewa kama watu waliobanwa kwenye chumba kisicho na dirisha. Wengine walikuwa wameshalala ubavu. Kitinda alikuwa anawashika mmoja mmoja, anawageuza, anawasukuma mbele na nyuma ili maji yawapite, na wao wanalala tena. Jike lake kubwa kuliko wote, lile alilolipa jina la bibi yao, alilitoa akaliweka kwenye majani. Aliinua shavu lake kwa kidole. Ndani yake matamvua, yale mapindo ambayo samaki hupumulia, hayakuwa mekundu. Yalikuwa yamepauka na kuvimba, na ule ute unaoteleza mwilini mwa samaki mzima ulikuwa umeondoka, ngozi inakwaruza.

"Kama amesuguliwa," Kitinda alisema.

Mama Shuka alijifunga khanga kiunoni akaingia kwenye maji na nguo zake. Hakuwa na la kufanya humo, lakini hakuweza kusimama ukingoni. Akaweka mkono chini ya mdomo wa bomba, pale maji ya kijito yanapoanguka, na mkono ukasimama. Aliusugua kwa kidole gumba. Akausugua tena. Maji yalikuwa yanateleza.

Aliyajua maji yale. Yalikuwa yamepita viganjani mwake kila siku tangu utoto. Yalikuwa maji ya suuzo la kwanza, yale ambayo hujayamwaga vizuri bado, na hata mtoto wa dobi akikuambia ni maji safi unamchapa. Alichota kwenye chupa iliyokuwa imetupwa ukingoni, akaziba kwa kidole, akaitikisa. Povu likajaa hadi shingoni mwa chupa na likabaki hapo, limekaa kitako.

Wifi yake aliliona. Alikuwa mwanamke mpole siku zote, lakini siku hiyo upole ulikuwa umekwisha. "Povu lako, Wifi," alisema. "Tulidhani umelifukuza. Kumbe ulilileta kwetu."

  Mama Shuka alitoka majini akapanda kilima akiwa amelowa, na njiani hasira ilimpanda hadi masikio yakawa yanavuma. Ilianza kama hasira kwa meneja. Kabla hajafika getini ilikuwa imegeuka mara mbili na kumrudia mwenyewe, na hapo ndipo ilipochoma zaidi.

Hakwenda ofisini. Alikwenda kwa fundi. Alimkuta amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa kando ya bwawa la pili, mkononi ana kikombe, mbele yake maji meusi yaliyotulia kama mafuta. Mashine zake zilielea kimya, ndege mmoja amesimama juu ya mojawapo.

"Zimekufa?" Mama Shuka aliuliza.

"Zimezimwa, Mama. Wiki ile ile mliyokuja."

Fundi hakumcheka. Angeweza, lakini hakumcheka, na hilo lilimuumiza Mama Shuka kuliko angechekwa. Alimwekea ndoo nyingine akae, akamweleza kwa maneno mepesi. Mle majini mna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Ndivyo vinavyokula sabuni, vinaikatakata mpaka inakuwa si sabuni tena. Lakini ili viweze kula, vinataka hewa, na hewa ile inaingizwa na mapanga yanapochapa maji. Mapanga yakichapa maji yenye sabuni, povu lazima lipande, hata mtu akipiga kelele namna gani. Ukizima mashine, povu linaisha kwa sababu hakuna anayelikoroga. Vijidudu vinakosa hewa vinalala, na sabuni inapita nzima nzima, inashuka kijitoni.

"Inamfanya nini samaki?"

"Inamfanya kama inavyolifanya shuka, Mama. Inaondoa mafuta. Samaki ule ute wake ndio koti lake, na kwenye matamvua ndio unaomlinda. Sabuni inauvua. Halafu huko kijitoni vijidudu vingine vinaanza kuila ile sabuni pamoja na uchafu uliopita nayo, na vinavuta hewa ya maji ya kijito. Kwa hiyo samaki kwanza ameungua pumzi, halafu hewa yenyewe haipo."

"Na wadudu? Mdogo wangu kaniambia sasa hivi hawaonekani tena, wale wanaotembea juu ya maji."

"Maji yana kijingozi juu, ndicho wanachokanyagia. Sabuni inakilegeza. Wanazama."

Mama Shuka alikaa akitazama viganja vyake. "Sabuni nyingi hii inatoka wapi?"

Fundi alisita. Alitazama viatu vyake vya mpira. "Kila nyumba inaleta, Mama. Lakini bomba linaloleta nyingi kuliko yote ni la upande wenu. Ni la kwako."

Yule fundi alikuwa na uvumilivu wa ajabu, maana alikaa hapo akasikiliza matusi ambayo mengi hayakuwa yake. Yaliyokuwa yake yalikuwa machache, na yaliishia na swali. "Bomba gani lile ulilotaka kusema siku ile?"

Alimwonyesha. Kuzunguka bwawa kulikuwa na bomba jembamba lenye matundu, la kunyunyiza maji juu ya povu ili likae chini lisiruke uzio. Lilikuwa limekatika mahali pawili na kuota kutu. Halikuhitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Lilihitaji vipande viwili vya bomba na fundi mwenye ruhusa.

"Nimeomba ruhusa mpaka nimechoka," fundi alisema.

Ndipo Mama Shuka alipokwenda ofisini. Alipita nyumbani na bondeni kwanza. Alirudi na karai kichwani, lile karai lake la zamani, maji yakimtiririka usoni, na safari hii hakuwa na kundi nyuma yake. Alilitua juu ya meza. Yule jike mkubwa alikuwa juu ya wengine, jicho wazi.

Meneja alirudisha kiti nyuma. "Mama, hii ni ofisi ya serikali."

"Ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Ukizima zile mashine sabuni inakwenda kwa mdogo wangu. Ulijua, hukujua?"

Meneja alifunga kalamu yake taratibu. Labda alichoka, labda aliona mama hana shahidi. Alisema kwa sauti ile ile laini, "Mama, mashine zile zinakula umeme kuliko mtaa wenu mzima. Tulitaka kuzipumzisha siku nyingi, lakini ungezimaje bila sababu? Mkaja nyinyi. Mkataka povu liondoke. Povu limeondoka. Samaki hamkunitajia."

Nimejaribu kuandika alichosema Mama Shuka baada ya hapo, nikaona karatasi haistahili. Yatosha kusema kwamba karani wa chumba cha pili alikuja akasimama mlangoni, akarudi, akafunga mlango wake. Mama Shuka alipofika mwisho wa matusi aliyokuwa nayo alisema jambo moja lisilokuwa tusi. "Washa."

"Siwezi. Nikiwasha, wale watu wako watarudi hapa na mashuka."

"Nikiwaleta wenyewe waseme uwashe?"

Meneja akatabasamu. "Walete."

Alidhani hawezi. Na kweli ilikuwa karibu ishindikane. Fikiria kubisha hodi kwenye milango ile ile, kwa watu wale wale waliokupigia makofi, uwaambie wakaombe povu. Walimcheka. Yule mwenye duka alimuuliza kama ile soda ilikuwa na kitu. Mama wa yule mtoto mchanga alisema, "Dada, leo umetoa povu la kutosha mwenyewe, nenda ukapumzike." Mtu mwingine angerudi nyumbani akafunga mlango, na zamani Mama Shuka angewatukana mmoja mmoja. Alitaka.  Lakini hasira yake ya siku ile ilikuwa na kazi, na hakutaka kuimwaga njiani.

Alishusha karai kwenye kila kizingiti. Alitoa samaki mmoja, akamweka kwenye sakafu iliyopigwa deki, akainua shavu lake kwa kidole kama Kitinda alivyofanya. "Hii ni sabuni yangu na yako," alisema. "Mimi ndiye niliyewadanganya. Mimi ndiye niliyesema povu likiisha sabuni imeisha. Niliyamaliza maisha ya mdogo wangu nikanywa soda. Hamtaki kwenda kwa ajili yangu, sawa, mimi sistahili. Nendeni kwa ajili yake. Na kile kijito ndicho wanachoogelea wanenu." Kisha alihamia mlango wa pili, akimwacha samaki pale pale. Huwezi kuendelea kucheka kuna samaki aliyekufa kizingitini kwako, na mwanao anauliza amefanywa nini.

Walikuja. Si wote, ila walitosha kulijaza lango. Mwenye duka alikuja na samaki wake kwenye gazeti. Mama Shuka aliketi chini kwenye vumbi katikati ya njia, akanyoosha miguu, akatangaza kwamba mashuka ya hospitali yako kwenye matangi na yatakaa humo mpaka asikie mngurumo. Hospitali ikipiga simu, waambiwe wampigie meneja. Hospitali ilipiga simu. Ilipiga sana. Meneja alitoka mlangoni akatazama watu, akatazama simu yake, na tabasamu safari hii lilichelewa.

"Mtakuja kulalamika tena," alisema.

"Tutakuja kulitengeneza lile bomba la kunyunyizia," Mama Shuka alimjibu. "Wewe mpe fundi ruhusa tu. Washa."

Mngurumo ulipoanza watu walinyamaza kuusikiliza. Bwawa jeusi likageuka kahawia, na baada ya muda pembeni mwa mapanga povu likaanza kupanda, polepole.

Ningependa kusema kila kitu kilirudi kama zamani, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Samaki wazazi wa Kitinda walikufa isipokuwa wachache waliokuwa kwenye bwawa la juu, ambalo siku hizo alikuwa amelijaza maji ya mvua. Kitinda hakuja kukaa kwenye kigoda. Hakumtukana dada yake, wala hakumlaumu mbele ya watu; hakuja tu. Mama Shuka aliamkia kigoda kitupu kila asubuhi. Alipunguza sabuni hadi kijiko badala ya kikombe, na wale wanawake wawili walipouliza mbona maji hayana povu aliwajibu kwa ukali, "Kwani tunafua povu?" Mashuka yakatoka meupe vilevile. Hilo nalo lilimkasirisha, kwamba miaka yote ile alikuwa anaimwaga bure.

Siku Kitinda alipokuja, upepo ulikuwa unavuma kutoka mabwawani. Fundi alikuwa ameunga bomba upande mmoja, upande wa pili bado, na vipande vya povu vilikuwa vinaruka juu ya uzio. Kitinda hakukaa. Alimpa dada yake chupa ya maji ya kijito. Mama Shuka aliziba kwa kidole akatikisa. Vipovu vichache vilipanda, vikapasuka, vikaisha.

"Limeisha," Kitinda alisema.

Mama Shuka alimrudishia chupa. "Povu kuisha si kitu, mdogo wangu. Lilishanidanganya. Wadudu wako wamerudi?"

Kitinda aliipokea, akageukia njia ya bondeni. "Njoo uone."

Walishuka bondeni, yeye mbele, dada nyuma. Pale maji yanapotulia nyuma ya jiwe, mdudu mmoja mwenye miguu mirefu alikuwa amesimama juu ya maji, halafu akateleza, na mwingine akamfuata. Mama Shuka alichuchumaa akawatazama mpaka magoti yakamuuma. Alilia, na alilia kwa hasira, akimtaja meneja, akijitaja mwenyewe, akimtaja yule jike aliyepewa jina la bibi yao. Kitinda aliketi kando yake kwenye majani akamwacha amalize.

"Dada," alisema baadaye, "si umeacha mashuka kambani?"

"Nimeyaacha."

"Na upepo huu?"

"Nitafua tena," alisema Mama Shuka, na hakuinuka.